Marudio ya Kifo cha Fundi Miavuli

Kaa vizuri, msomaji, nikusimulie habari za nchi yetu. Jina lake silitaji, kwa sababu haipendi kuitwa na watu wasio na miadi. Ni nchi nzuri. Ukiwaona raia wake wanatembea wameinamisha vichwa, usidhani wana huzuni. Barabara zina mashimo.

Zamani, askari akisababisha kifo cha mtu, mambo yalikuwa ya kienyeji mno. Mashahidi waliitwa, wakasema walichokiona, na mara nyingi wote walikuwa wameona jambo lile lile. Hali hiyo iliwapa wakubwa wasiwasi, maana watu kuafikiana kiasi hicho bila kibali ni dalili ya njama. Ndipo ikaundwa Idara ya Marudio. Kanuni yake ni fupi: tukio lirudiwe mbele ya Mpimaji Mkuu kama lilivyokuwa, na atakachokiona yeye kwa macho yake ndicho kilichotokea. Akiona kosa, askari atashtakiwa. Asipoliona, halipo.

Maelezo ya namna tukio lilivyokuwa hutolewa na askari mwenyewe, kwa kuwa marehemu huitwa kwa heshima zote na hafiki. Asiyekuwapo na lake halipo. Nafasi ya marehemu huchukuliwa na ndugu yake wa damu. Ndugu akikataa, halazimishwi, kwani sisi ni nchi huru. Ila mwili unabaki chumba cha baridi, kwa sababu mwili ni kielelezo, na kielelezo hakizikwi mpaka uamuzi utoke.

Kanuni inataka pia Umma uwepo. Umma nilikuwa mimi.

Nilikuwa napita zangu kwenda kununua mafuta ya taa, nikaitwa getini na mtu mwenye tai. Akaniuliza kama nina shughuli. Nikasema ninayo. Akasema vizuri, basi wewe ni mtu wa kuaminika, akanipeleka kwenye kiti kilichoandikwa UMMA kwa rangi nyeupe. Kiti kilikuwa na foronya. Nilielezwa kwamba Umma hausimami, hauulizi, na mwisho wa yote unasema neno moja: "Nimeridhika." Nililikariri kimoyomoyo nisije nikaliharibu mbele ya wakubwa.

Kesi yenyewe ilikuwa ya Sefu Kibindo, fundi miavuli, mtu pekee katika mji wetu aliyeweza kuurudishia mwavuli mbavu zake. Siku ya mvua kubwa alikutwa kwenye kona ya Soko la Chumvi na Koplo Gaudensi, na baada ya kukutana huko Sefu hakuwa hai tena. Maelezo ya Koplo yalisomwa kwa sauti: marehemu, bila kutamka neno lolote, alimshambulia askari kwa chombo cheusi chenye mpini, chenye ncha ya chuma na uwezo wa kutanuka ghafla.

Chombo hicho kilikuwa mezani. Kilikuwa mwavuli. Kilikuwa na tundu dogo la mviringo karibu na kilele, ambalo wataalamu walilieleza kuwa ni uchakavu. Mpimaji Mkuu aliwahi kuagiza lizibwe, maana kielelezo cha serikali hakipaswi kuvuja, lakini mji mzima hakupatikana fundi.

Uani mwa Idara walikuwa wameijenga upya ile kona ya Soko la Chumvi kwa mbao na turubai. Ukuta ulipakwa rangi ya ukuta. Palikuwa na duka la vitunguu lililochorwa, na muuza vitunguu aliyechorwa amegeuza mgongo, ili asije akaonekana ameona. Mvua ilikuwa chini ya Bwana Nyamsera, Mkuu wa Milio na Hali ya Hewa. Alisimama juu ya ngazi na ndoo ya kumwagilia bustani, na inapofika zamu ya bastola, hutamka "Pa!" kwa mdomo. Ni mtu aliyesomea.

Dada wa marehemu aliingia amevaa kanga mbili, moja kichwani. Jina lake Mwantumu, mshona magodoro. Wazazi wao walikwisha kufa, na katika ukoo walibaki wao wawili tu. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya meza.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema. "Nimekuja kumchukua ndugu yangu nikamzike."

Mpimaji Mkuu alikuwa mtu mnene, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia haki. Alibadilisha.

"Marahaba, mama. Pole sana. Serikali imeguswa. Imeguswa hapa." Aligusa kifua. "Utamzika, tena kwa heshima. Tunachohitaji ni wewe kufa kidogo tu, kama alivyokufa yeye, ili nione."

"Mimi sikuwepo alipokufa."

"Ndiyo maana Koplo yupo. Atakuelekeza."

Koplo Gaudensi alikuwa kijana mrefu, mpole wa sura, na alimwelekeza kweli. Alimwonyesha pa kusimama, akamwambia ainue mwavuli juu, hivi, kama mtu mkali. Mwantumu alisema kaka yake hakuwahi kuinua mkono hata kwa paka. Koplo akatazama chini na kusema, "Ni utaratibu tu, dada." Bastola ilikuwa yenyewe hasa, maana kanuni inasema kama lilivyokuwa, ila Koplo alitakiwa kutoa risasi kabla ya kuanza. Alizitoa, akazitia mfukoni, akahakikisha, na akajitilia sahihi kwamba amehakikishwa.

"Mvua," akaamuru Mpimaji.

Bwana Nyamsera akainamisha ndoo. Maji yakampiga Mwantumu, mengine yakapita kwenye lile tundu na kumdondokea usoni. Koplo akanyoosha bastola.

"Pa!" akasema Bwana Nyamsera.

Mwantumu akaanguka. Sijui kama aliigiza au alianguka kweli. Alianguka ubavu, akabaki pale kwenye maji. Mimi mwenyewe nilijisikia vibaya, lakini Umma haukupewa neno la kujisikia vibaya.

Mpimaji Mkuu akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Inasikitisha," alisema, "lakini inaelimisha. Nimetazama kwa makini. Hakuna risasi iliyotoka. Hakuna. Na bado mtu ameanguka. Kwa hiyo imethibitika kisayansi kwamba katika kona ile mtu anaweza kuanguka bila risasi yoyote. Marehemu alijiangusha."

Msaidizi wake akapiga makofi, akakumbuka pahala alipo, akaacha.

"Sasa, mama," Mpimaji aliendelea kwa upole, "uamuzi ni rahisi. Ukikubali kwamba alijiangusha, unapewa mwili wako leo hii. Gari la Idara litakubebea mpaka makaburini, tena na sanda juu yetu. Unasemaje?"

Hapo, msomaji, nilimwonea huruma mama yule, na sioni haya kusema. Alisimama pale anachuruzika maji. Siku zote hizo kaka yake alikuwa kwenye sanduku la bati huku majirani wakimuuliza matanga lini. Watu wa msikitini walikwisha kuchimba kaburi, mvua ikalijaza, wakalichimba tena. Neno moja tu la "ndiyo" na Sefu angelala udongoni kabla ya magharibi.

"Kaka yangu hakuwa mlevi," alisema. "Hakuwa na kifafa. Nikimzika kwa neno hilo, nitakuwa nimemzika mtu mwingine. Hakujiangusha, mheshimiwa. Aliangushwa."

"Vizuri sana," akasema Mpimaji, na wala hakukasirika. "Idara haina haraka. Turudie."

Wakarudia. Mvua ikanyeshwa, mwavuli ukainuliwa, bastola ikanyooshwa, Bwana Nyamsera akasema "Pa!" kwa uzito zaidi, na safari hii Mwantumu hakuanguka. Alisimama wima, amekaza taya, anamtazama Koplo machoni. Koplo akawa wa kwanza kupepesa.

"Umeona, mheshimiwa?" Mwantumu akasema. "Mtu haanguki hivi hivi."

Mpimaji Mkuu akageukia makarani. "Andikeni. Askari alielekeza bastola kwa mujibu wa maelezo yake. Mlio ulisikika. Raia alibaki amesimama, mwenye afya, tena mwenye maneno. Kwa hiyo hakuna aliyekufa. Na pasipo kifo hapana shtaka la kifo. Hili ni jepesi hata kuliko lile la kwanza."

"Kaka yangu yuko chumba cha baridi."

"Sijamwona huko. Mimi napima ninachokiona."

"Nikianguka, nimejiangusha. Nisipoanguka, hajafa. Sasa nifanyeje, baba?"

"Ufanye kama lilivyokuwa," akajibu Mpimaji, na alilisema kwa unyoofu kiasi kwamba nilitaka kumshukuru.

Mwantumu akakaa chini kwenye matope ya Idara. Alikaa akikamua pindo la kanga, na nadhani kila mtu aliona yamekwisha. Msaidizi alinifanyia ishara nijiandae na neno langu. Nikakohoa kusafisha koo.

"Mheshimiwa," akasema Mwantumu bado amekaa, "mimi nashindwa kufa vizuri kwa sababu sikuona. Aliyeona alivyokufa ni huyu peke yake. Basi afe yeye, nimtazame. Akisha kunionyesha, nitakufa hivyo hivyo, na nitakubali utakalosema."

Koplo akasema, "Hapana." Akaongeza haraka, "Hapana haja, mheshimiwa."

Lakini Mpimaji Mkuu alikwisha kusikia maneno "nitakubali utakalosema," na uso wake ulikunjuka.

"Aliyeona ndiye aonyeshe," alisema. "Ni wazo ambalo nilikuwa nalo tangu asubuhi. Koplo, shika mwavuli."

Likabaki swali la nani awe askari. Umma hausimami. Bwana Nyamsera alikuwa na mvua mikononi. Makarani walikuwa wakiandika. Msaidizi alisema yeye ana ngiri. Basi bastola akapewa Mwantumu.

Alishika vibaya, kwa mikono miwili, kama anavyoshika sindano ya godoro inapogoma kupita. Koplo akasimama ukutani, kwenye alama ya marehemu, mwavuli mkononi. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeombwa acheze ngoma ya wanawake. Mvua ikaanza. Maji yakapita kwenye tundu na kumdondokea usoni, akafumba jicho moja.

Kisha nikaona mkono wake wa kushoto unakwenda mfukoni.

Alikuwa anahesabu risasi. Nilimwona vidole vikitembea kwenye kitambaa, vikirudi, vikitembea tena. Alizitoa mwenyewe, alihakikisha mwenyewe na akajitilia sahihi mwenyewe; na sasa, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alikuwa hajiamini. Tabasamu likamtoka. Mwantumu akapiga hatua moja mbele, na mdomo wa bastola ukatulia katikati ya kifua cha Koplo.

"Afande," akasema Koplo.

Kila mtu uani akashangaa, maana afande alikuwa yeye.

"Afande, ni mwavuli tu," alisema, akapiga magoti. "Ni mwavuli, nimetoka kuushona, naurudisha kwa mwenyewe. Tazama." Akaufungua kuonyesha, ukatanuka, na nyuma yake akajikunyata akiwa amejificha kwa kitambaa chenye tundu. "Usinipige. Dada yangu ananingoja."

Bwana Nyamsera alisahau kusema "Pa." Ndoo ikaisha maji. Muuza vitunguu aliyechorwa aliendelea kutugeuzia mgongo.

Mwantumu alishusha bastola polepole, akaiweka chini kwenye matope.

"Koplo hana dada," alisema. "Nilimuuliza asubuhi pale nje. Ni mtoto wa pekee."

Nilijua basi, kwa akili yangu ndogo, kwamba njia ya mwongo ni fupi na sisi tumefika mwisho wake. Kumbe marehemu hakuwa kimya. Kumbe alisema, na maneno yake yalikuwa yamekaa kifuani mwa Koplo Gaudensi muda wote huu, hayana pa kutokea. Hata Msaidizi alisahau ngiri yake, akasimama. Mpimaji Mkuu naye alisimama. Akavua miwani ya haki, akavaa ya kusomea, akaivua, akarudisha ya haki.

"Nimeona," alisema.

Mwantumu akainua macho.

"Nimeona kwa macho yangu yote mawili. Nimemwona mwanamke ameshika bastola ya serikali. Nimemwona askari wa serikali amepiga magoti mbele yake, anaomba maisha yake. Nitakachokiona ndicho kilichotokea. Kanuni sikuitunga mimi." Akawageukia makarani. "Shtaka lipo. Kutishia askari kwa silaha akiwa kazini. Mkamateni huyu mama."

"Mheshimiwa," Koplo akasema, bado yuko chini, "si hivyo. Hayo maneno si yangu. Ni ya—"

"Nyamaza, Koplo. Wewe ndiye mwathirika. Utapewa likizo na chai."

Akanigeukia mimi. Nilielewa kwamba wakati wangu umefika, na watu walionitangulia katika kiti kile hawakuwahi kushindwa.

"Nimeridhika," nikasema. Nilisema vizuri, bila kukwama. Walinipa chupa ya mafuta ya taa.

Labda utauliza, msomaji, na Sefu je? Hilo lilishughulikiwa kwa umakini. Marudio ya mwisho hufuta yaliyotangulia, na katika marudio ya mwisho Mpimaji Mkuu hakumwona Sefu Kibindo akifa, kwa hiyo Sefu hajafa. Chumba cha baridi kiliarifiwa kiache kumwita maiti na kimwite mgeni. Watu wa msikitini walipokwenda kumwomba, waliambiwa kwamba kumzika mtu ambaye hajafa ni kosa la jinai, na nchi yetu haina mchezo na uhai wa raia. Lile kaburi lao limejaa maji hadi leo. Watoto wanaogeshea bata wao humo.

Mwantumu aliwekwa rumande, ambayo ni chumba kimoja nyuma ya ule ua. Sheria zetu ni za huruma, na mshtakiwa yeyote anaweza kutoka kwa dhamana, mradi adhaminiwe na ndugu yake wa damu. Ndugu wa damu anaye mmoja. Akaitwa. Hakufika. Akaitwa tena, hakufika, na Mpimaji Mkuu akasikitishwa na mwanaume mzima anayemwacha dada yake gerezani. Ikatolewa amri akamatwe na kuletwa, na kwa kuwa Koplo Gaudensi alikuwa amemaliza likizo yake, na ndiye anayemfahamu kwa sura, akatumwa yeye.

Alikwenda. Mlinzi wa chumba cha baridi ni jirani yangu, ndiye aliyenisimulia. Anasema Koplo alisimama mbele ya sanduku la bati, kofia mkononi, akaita jina, "Sefu Kibindo," kama kanuni inavyotaka, akangoja ajibiwe. Kisha akarudi kwa Mpimaji Mkuu, akapiga saluti, akasema:

"Mheshimiwa, haji. Amekufa."

"Nani amemuua?" akauliza Mpimaji, kalamu tayari mkononi.

Koplo alifungua mdomo. Wanaojua mambo wanasema alikaa nao wazi hivyo muda mrefu, mpaka Mpimaji akaweka kalamu chini.

"Basi hajafa," akasema. "Kesho utamwita tena."

Kwa hiyo kila siku Koplo Gaudensi huenda kuita, na kila jioni hurudi kupitia rumande, maana kanuni inataka mshtakiwa ajulishwe majibu ya mdhamini wake. Mimi napeleka uji pale, kwa ridhaa ya Idara, baada ya kuonekana kuwa Umma una tabia njema. Nawasikia.

"Kasemaje kaka yangu leo?" Mwantumu huuliza kutoka ndani.

"Hajajibu, dada."

Yeye husema "Haya," na Koplo husimama kidogo kisha huenda zake. Ilikuwa hivyo siku zote hadi juzi, siku ile ya mvua kubwa. Koplo alikuja ameloa chapachapa. Mwantumu akauliza kama kawaida yake, kasemaje kaka yangu leo. Koplo akaegemeza paji la uso kwenye nondo za dirisha.

"Kasema ni mwavuli tu," alijibu. "Kasema ametoka kuushona."

Nikasikia nyayo zake zikisogea dirishani.

"Kamwambie Mpimaji," akasema.

"Nimemwambia. Anasema maneno hayapimwi. Anasema ameona alichoona."

"Basi kesho ukienda, mwambie kaka nimesikia."

"Nitamwambia," Koplo akasema.

Alivaa kofia yake iliyoloa akatoka. Mimi nilimpa Mwantumu uji wake kupitia nondo, umepoa kidogo, na mlinzi wa rumande akaniandikia pale mlangoni, kama anavyoniandikia kila siku, kwamba Umma umekuja, umeona, na umeridhika.